Fisi wa Hadithi Hana Kesi

Asubuhi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa yakiwa bado yanapakiwa, husimama korongo wakubwa wenye vipara kando ya mabanda. Mabega yamepanda, mdomo umelala kifuani, macho yanamfuata kila anayepita. Mama mmoja mwenye mzigo kichwani alimkuta mmoja wao kaziba njia, akamwambia bila hata kutabasamu: "Mheshimiwa hakimu, tupishe baba, kesi yetu si ya leo." Wapagazi wakacheka. Ndege akasogea hatua mbili, kwa madaha ya mtu ambaye mshahara wake hauchelewi.

Utani ule ulikaa vizuri kwa sababu mama alikuwa amemtazama ndege. Korongo yule ana kipara kweli. Ana koti la manyoya meusi mgongoni. Na miguu yake, ambayo rangi yake halisi ni ya giza, huonekana imevaa soksi nyeupe, maana jua likimzidi hujinyea miguuni ili apoe. Hakimu mwenye kipara, joho jeusi na soksi za kinyesi: hapo una hadithi nzima kuhusu mahakama, na hujamsingizia ndege kitu ambacho hana.

Huu ufundi wa kuwapa wanyama tabia za watu unadharauliwa na wengi wanaodhani ni mambo ya watoto, na unaharibiwa na wengine wanaoutumia hovyo. Mimi nautetea, kwa sharti moja. Mnyama wa hadithi ni mtu aliyeshonewa ngozi ya mnyama, na msimulizi hodari huuacha mshono uonekane. Msikilizaji anamwona fisi na anamwona shemeji yake kwa wakati mmoja, na anajua kabisa ni nani kati yao anayechekwa. Mshono ukifichwa, mambo mawili hutokea. Ama mnyama anapotea kabisa na kubaki mtoto wa mjini mwenye masikio marefu, ama ule ubinadamu wa kubuni unatoka nje ya hadithi, unamkalia mnyama halisi aliyeko porini, na hapo watu huumia. La pili ndilo linalonitisha, hasa huku kwetu Kanda ya Ziwa.

Nianze na fisi wa hadithi. "Njia mbili zilimshinda fisi," tunasema kila siku, hata kwa mtu anayegombea vyeo viwili. Kisa chenyewe kinajulikana. Fisi katoka porini na njaa, kafika njia panda. Upepo wa kushoto unamletea harufu ya nyama, wa kulia nao unamletea harufu ya nyama. Karamu mbili, mwaliko hana hata mmoja. Akaona ni upumbavu kukosa yoyote. Miguu ya kushoto ikashika njia ya kushoto, ya kulia ikashika ya kulia, njia zikazidi kuachana, naye hakubali kuacha moja, mpaka akapasuka msamba.

Ukimsikiliza msimulizi mzuri, hata siku moja hataanza na neno tamaa. Ataanza na kiuno. Bibi mmoja wa Kwimba niliyemsikia alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga kiunoni, hakuinuka hata kidogo. Alishusha nyonga moja, akavuta hewa puani, akageuza uso kushoto, akanyamaza. Akavuta tena, akageuka kulia. Watoto walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajaitaja njia panda. Alichokuwa anaigiza ni mwili wa fisi: miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unaoteremka kuelekea mkiani, mnyama ambaye hata akiwa mzima na ameshiba huonekana anachechemea. Hadithi inajifanya inaeleza kwa nini anatembea vile. Tamaa ikaingizwa humo, katika maungo ambayo kila mchungaji wa Usukuma ameshayaona kwa macho yake jioni anaporudisha ng'ombe.

Tena angalia tunavyoanza. "Hadithi, hadithi!" Nao wanaitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unakaribishwa kwa jina lake, mlangoni, mbele ya mashahidi. Hakuna mtoto aliyewahi kuitikia vile kisha kesho yake akaenda kumuuliza fisi kuhusu karamu. Kiitikio kile ni mkataba: kuanzia hapa wanyama watasema, na tukimaliza wataacha kusema. Watu wazima wanaoona mambo haya ni ya kitoto ndio haohao wanaojaa CCM Kirumba Simba au Yanga ikija, wakimwita mmoja Mnyama na kuwatania wengine vyura kwa sababu ya mafuriko ya Jangwani. Mkataba uleule. Filimbi ya mwisho ikilia, Mnyama anapanda daladala na chura anakaa siti ya jirani.

Hadithi hizi pia ni wasafiri hodari, na safari zao zinaonyesha msimulizi anajali nini. Kisa cha kima na papa kimetoka mbali. India, katika Panchatantra, aliyemdanganya kima ili apate moyo wake alikuwa mamba. Kikapita kwa Waarabu, ambao walikisoma katika Kalila na Dimna, tafsiri ya Ibn al-Muqaffa ya karne ya 8, ambako nafasi ya mamba ilishikwa na kobe. Kilipofika pwani yetu akawa papa, kwa sababu Mswahili wa pwani anamjua papa. Askofu Edward Steere alikichapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizozipokea Unguja, ndani ya kisa kirefu zaidi cha punda wa dobi. Mtu wa Ukerewe au Sengerema akikisimulia leo anaweza kumrudisha mamba mahali pake bila kumwomba mtu ruhusa, maana ziwani hapa hakuna papa na mamba wapo.

Kilichobaki katika safari yote hiyo ni viungo vya mwili. Kima anajiokoa kwa kusema moyo wake ameuacha nyumbani, juu ya mti. Punda wa dobi anaponea mara ya kwanza mikononi mwa simba, anashawishiwa kurudi, anauawa, na simba anaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura anavila. Simba akiuliza, sungura anamjibu kwamba punda yule hakuwa navyo: angekuwa na masikio angesikia, angekuwa na moyo angekumbuka, na asingerudi mara ya pili. Kichekesho chote kimesimama juu ya nyama halisi iliyokosekana sahanini. Ukimfanya punda kuwa kijana tu anayeitwa Punda, aliyevaa shati, kisa kinakufa. Vivyo hivyo mbweha wa Wagiriki aliyeshindwa kuzifikia zabibu alipohamia kwetu akawa sungura na ndizi, na leo mtu aliyenyimwa kazi anatuambia "sizitaki mbichi hizi" bila kujua kuwa ananukuu mnyama. Kuruka na kukosa ni jambo la miguu. Mnyama lazima awe nayo.

Mfano mwingine ni wa siasa. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere alitupa kwa Kiswahili *Shamba la Wanyama* ya George Orwell. Sitaki kuingia kwenye maana yake ya kisiasa, imeshachambuliwa hadi ikachakaa. Ninachotaka mwone ni ile sehemu ya mwisho ambapo nguruwe wanaonekana wanatembea kwa miguu miwili. Msomaji anashtuka. Kwa nini ashtuke, wakati nguruwe hao wamekuwa wakisema, wakipanga na kuhutubia tangu ukurasa wa kwanza? Kwa sababu muda wote huo mwandishi alikuwa amewaacha na miguu minne. Angewavalisha suruali mapema, asingekuwa na kitu cha kutuogopesha nacho mwishoni.

Sasa ingia chekechea nyingi za hapa Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa au Nyegezi, utazame kuta. Utakuta dubu kavaa fulana na kofia. Utakuta panya mwenye glavu nyeupe, bata mwenye koti la baharia. Sina ugomvi na mgeni kwa sababu ya ugeni wake. Kima naye ni mgeni, kama tulivyoona. Tatizo ni kwamba dubu yule hana chochote cha dubu. Hana harufu, hana kucha, haendi msituni kutafuta asali. Mtoto hawezi kumkosoa mchoraji, maana hata dubu mwenyewe hajawahi kumwona, na kusini mwa Sahara hayupo. Anajifunza kwamba mnyama ni mtu mfupi mwenye mashavu.

Nje ya dirisha la chekechea hiyohiyo, juu ya jiwe, kaketi pimbi. Hili linaniudhi kidogo. Mji mzima umejengwa juu ya miamba ya pimbi na hakuna ukuta hata mmoja ninaoujua uliompa kazi ya maana. Tumemgeuza tusi tu: mtu mfupi, mtu asiye na hadhi, pimbi. Nenda Saanane, kisiwa kilicho jirani kabisa na mji, kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama ya kwanza nchini na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Fika asubuhi, kaa mbali kidogo, utazame. Wanatoka mapangoni mmoja mmoja, wanalala juani kwa kubanana, kwa sababu mwili wa pimbi hauwezi kujitunzia joto vizuri, na kazi haianzi mpaka jua limewapasha. Wapo wanaobaki juu wakilinda. Akipita tai, filimbi inalia na wote wanatoweka. Nyayo zao ni laini na zina unyevu, ndiyo maana jiwe lililosimama wima wanalipanda bila kuteleza. Choo chao ni cha pamoja, mahali pamoja kwa miaka, hadi mwamba unapauka na kuacha michirizi myeupe. Na ukoo wao? Ndugu zao wa karibu miongoni mwa wanyama walio hai ni tembo na nguva.

Nionyesheni mwandishi wa vitabu vya watoto anayeshindwa kutengeneza mtu hapo. Ofisa anayeota jua hadi saa nne, ana mlinzi getini, hana mkia, na kila akikopa anataja kuwa tembo ni ndugu yake. Hakuna haja ya kumvalisha tai.

Wachoraji wa Tingatinga walilijua hili kwa namna yao. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, miaka minne tu ya kazi, rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Wanyama wake hawavai nguo. Ubinadamu wote uko jichoni. Chui anakutazama kana kwamba umemdai. Picha za mkondo huo zinazouzwa leo kwa watalii, na Mwanza zipo, mara nyingi zimehifadhi madoadoa na kulipoteza jicho.

Ngoma za Wasukuma nazo zinaugeuza mchezo upande wa pili. Kwenye Bulabo, mashindano ya kila mwezi wa Juni pale Bujora, Kisesa, Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, hucheza kwa wakati mmoja wakigombea watazamaji, na chama cha Bayeye huja na chatu. Chatu hapewi tabia ya mtu. Mchezaji ndiye anayejaribu kuchukua ya chatu: ule utulivu, ile shingo inayozunguka polepole, ulimi. Wenzao Banungule walikuwa wawinda nungunungu, watu wa kuingia mashimoni kwa tumbo ili kuwatoa wanyama waliokuwa wanamaliza mazao. Mtu aliyekutana na nungunungu uso kwa uso ndani ya shimo lake hahitaji kuambiwa kwamba nungunungu si mtu.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lenyewe, na nilichelewa makusudi, kwa sababu si jambo la kufurahisha.

Fisi wa pili wa Usukuma hasemi. Huyu ana mwenyewe. Katika vijiji vingi vya Mwanza, Shinyanga na Simiyu utaambiwa kwamba kuna fisi wa porini na fisi wa mtu. Kwamba wachawi huwafuga, huwapanda usiku, huwatuma. Simiyu, inayopakana na hifadhi ya Serengeti, imepata visa vya fisi kushambulia watoto. Hakuna mzazi anayeweza kulichukulia hilo kitaalamu. Mtoto ameliwa, na swali la kwanza linalotoka kinywani mwa watu ni moja: fisi wa nani?

Swali hilo linafanana kwa sura na hadithi ya kigodani, wote wawili fisi wamepewa ubinadamu. Lakini yanaenda njia tofauti kabisa. Bibi wa Kwimba alimpa fisi tamaa ya watu wote, na kila aliyeketi pale alijitazama pembeni kidogo. Hakuna aliyeshtakiwa peke yake. Uvumi unampa fisi nia ya mtu mmoja, mwenye nyumba, mwenye jina, na kwa kawaida mtu huyo ni bibi kikongwe mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kupuliza moto ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mauaji ya vikongwe katika mikoa yetu yanajulikana, yameandikwa, yamelaaniwa na kila uongozi uliopita. Sisemi fisi ndiye chanzo chake. Zimo kesi za mashamba, za urithi, za wivu, na waganga wapiga ramli waliokula fedha. Lakini fisi mwenye mwenyewe ni ushahidi mzuri sana kwa mtu anayetafuta mshtakiwa, kwa sababu hawezi kuhojiwa.

Kiitikio hakikusemwa. Hapo ndipo penye tofauti. Hakuna aliyesema "uongo njoo", kwa hiyo uongo uliingia bila jina, na hauna muda wa kuondoka.

Najua nitajibiwa kwamba hadithi zenyewe ndizo zilizomharibia fisi sifa. Mtoto aliyelelewa kwa fisi mlafi, mwoga, mpumbavu, atakua akimrushia mawe na kuwa tayari kuamini lolote juu yake. Hoja ina uzito, siidharau. Hans Kruuk, Mholanzi aliyewafuatilia fisi Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, aligundua kuwa fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na kwamba pale Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekula mawindo ya fisi, wala si kinyume. Jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri. Mtoto anarithi cheo cha mama yake. Meno yanasaga mfupa hadi kinyesi kinakuwa cheupe kwa chokaa. Mnyama huyu na yule mpumbavu wa njia panda hawana undugu mkubwa.

Hata hivyo, sioni kwamba msimulizi ana hatia. Fisi wa hadithi hafi. Leo kapasuka msamba, kesho jioni anakwenda ukweni na kuiba nyama ya mbuzi, kesho kutwa sungura anamfunga mtini. Anahitajika. Hadithi haina faida yoyote ikimmaliza, na hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye kigoda akashika panga. Kinachozaa panga ni habari, ile inayosemwa kwa sauti ya chini, na inayodai kuwa kweli.

Ziwa limetupa mifano mingine ya namna hiyo. Upande wa Uganda, kijiji cha Luganga, kulikuwa na mamba mkubwa aliyekamatwa mwaka 2005 baada ya kudaiwa kula zaidi ya watu 80. Watu walikuwa wamempa jina: Osama. Naelewa kwa nini. Jina lile lilibeba hofu ya dunia nzima ya miaka ile, na mtu aliyepoteza ndugu anahitaji adui mwenye jina. Lakini mamba hana kisasi wala mpango. Ana subira, ana damu inayofuata joto la maji, na ana mahali ambapo kila asubuhi mtu huinama na ndoo palepale alipoinama jana. Osama anahitaji risasi. Mamba anahitaji kitu kingine: katika baadhi ya maeneo ya kuchotea maji wilayani Sengerema vimejengwa vizimba ufukweni, uzio unaoingia majini, mama anachota akiwa ndani na mamba yuko nje. Mtuhumiwa amebaki huru, raia ndio wameingia kizimbani, na watu wanarudi nyumbani wazima.

Na sangara? Huyu tumemfanya jambazi wa karne. Aliingia, akaua furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, akaharibu ziwa. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya mtengenezaji wa Austria, iliyopigwa hapa Mwanza, ambamo samaki huyu alikuwa kivuli cha kila uovu, na serikali yetu ililalamika sana. Mimi nalalamika kwa jambo dogo zaidi. Sangara hakuingia. Aliingizwa, kwa ndoo na matangi, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na watu waliotaka samaki mkubwa mwenye faida. Alikula alichokikuta. Mamia ya aina za furu yalipungua au kutoweka, lakini humo humo kulikuwa na nyavu zetu, mbolea na maji machafu yanayoingia ziwani hadi yakamaliza hewa ya maji ya chini. Samaki akipewa nia mbaya, wenye nia halisi wanapumzika. Hayo ndiyo matumizi mabaya kabisa ya ufundi huu, na ajabu yake ni kwamba hufanywa zaidi na watu wazima wenye shahada kuliko na bibi wenye vigoda.

Sasa kuna wanaosema dawa ni kuacha kabisa: mnyama aelezwe kama mashine, kwa namba. Jane Goodall aliambiwa hivyo. Alianza kuwatazama sokwe wa Gombe mwaka 1960, na alipokwenda Cambridge wasomi wakamwambia kuwapa wanyama majina na kuzungumzia tabia zao binafsi ni kosa, angewapa namba. Hakuacha. Lakini tazama alivyowapa. David Greybeard aliitwa hivyo kwa sababu ya mvi za kidevuni. Jina lilitoka mwilini, baada ya kumwona mara nyingi, na ni huyuhuyu aliyeonekana akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kutoa mchwa, jambo lililowalazimisha wataalamu kufikiria upya nani ni mtumia zana. Na kwa kuwa alikuwa anatazama kweli, hakuwafanya malaika: katika miaka ya 1970 aliandika jinsi kundi moja la sokwe wa Gombe lilivyoliua jingine, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyewavalisha wanyama wake mavazi ya kupendeza asingeliona hilo, au angelificha.

Ziwa letu lina sokwe wake pia, na kisa chao hakisimuliwi vya kutosha. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, wa shirika la wanyamapori la Frankfurt, aliwaachia sokwe 17 kwenye kisiwa cha Rubondo. Walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Hizo zilikuwa zama ambazo bustani ya London iliwaketisha sokwe mezani wanywe chai mbele ya umati, mchezo ulioanza mwaka 1926 na kukoma mwaka 1972. Rubondo hapakuwa na meza. Hakuna aliyewafundisha kula tunda gani wala kulala wapi. Muda haukupita mrefu wakawa wanajitafutia chakula na kujenga matandiko juu ya miti, na kwa miaka mingi wajukuu wao waliwakwepa watu kiasi kwamba mgeni aliweza kulipa, akatembea kutwa, akarudi kambini amesikia kelele tu.

Kuna kisa ambacho sijawahi kukisikia kigodani wala kukiona ukutani, nacho ningekilipia. Fisi jike, mkubwa wa ukoo, amewinda usiku kucha na wanawe. Amemwangusha nyumbu mwenyewe. Simba anakuja kumepambazuka, anawafukuza, anakula, na watalii wanapofika saa mbili na kamera zao wanamkuta simba mezani na fisi wamesimama pembeni. Dereva anawaeleza wageni: wale ni wezi, wanasubiri makombo. Fisi mama anasikia. Anachofanya baada ya hapo namwachia msimulizi, ila achechemee, na asivalishwe kitu. Watu wa Magu na Misungwi hawatauliza simba yule ni nani.